Kopo la Jimu na Vidonge vya Fangasi

Leo nazungumza na watu wa mazoezi: wanaonyanyua vyuma, wanaokimbia na vikundi vya jogging alfajiri ya Jumamosi, mabondia, wachezaji wa mpira wa mtaani, na yule anayepiga pushapu chumbani kabla ya kwenda kazini. Nazungumza nao juu ya kitu ambacho kwenye jimu hakisemwi kwa sauti ingawa wengi wanacho, nacho ni fangasi.

Kijana mmoja ametuandikia kutoka Temeke. Kucha zake za miguu zimekuwa nene, za njano, zinameguka pembeni. Amepaka mafuta ya kila aina, hayakufua dafu. Mwishowe alikwenda hospitali, wakamkwangua ukucha, wakapima, wakamwandikia terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kila siku kwa wiki 12. Anasema anapiga tizi jioni karibu zote za wiki, na nyumbani ana makopo matatu: unga wa protini, kreatini, na ule unga mwekundu anaoukoroga nusu saa kabla ya mazoezi ili apate mzuka. Swali lake ni fupi. Aendelee navyo, au aviache?

Nampa jibu kwanza, sababu zitafuata. Protini ya kawaida aendelee nayo. Kreatini anaweza kuendelea nayo, mradi daktari wake ajue. Unga wa mzuka auweke kabatini mpaka dozi iishe na wiki kadhaa zipite. Na kama pembeni ya makopo hayo kuna kidonge cha kuchoma mafuta au cha kukuza misuli haraka, ambacho hakukitaja, hicho asikiguse. Asichotakiwa kufanya ni kukatiza dawa ya daktari ili kopo lisiharibike.

Wengi hawaulizi kama yeye, na si kwa sababu ya ubishi. Simama kwenye foleni ya famasi yoyote ya mjini uwasikilize. Mfamasia anapokea cheti, anauliza: "Kaka, kuna dawa nyingine unayotumia?" Kijana anajibu bila kusita: "Hapana dada, situmii dawa yoyote." Begani ana begi la jimu. Ndani ya begi kuna chupa ya kutikisia, na chini ya chupa bado kuna tope la unga wenye kafeini na madondoo ya majani na magome. Kijana hajadanganya. Kwake yeye dawa ni kitu anachopewa akiumwa, na kopo lake alilinunua akiwa mzima, ili awe mzima zaidi. Mfamasia naye ana watu kumi nyuma ya kijana, hana nafasi ya kuchimba. Basi anampa vidonge, anamwambia ameze kimoja kila siku, na ule unga hakuna aliyeuuliza. Ningependa wafamasia wetu wabadilishe swali hilo kidogo tu: "Kaka, mbali na chakula cha nyumbani, kuna unga wowote, kidonge chochote, au kinywaji cha mazoezi unachotumia?" Hapo kijana atafungua begi.

Kwa nini tuhangaike hivi kwa ajili ya dawa ya fangasi, wakati ya malaria au ya minyoo tunaimeza na maisha yanaendelea? Sababu iko kwenye dawa zenyewe. Fikiria mizani ya malori kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Kila lori lazima lipimwe ndipo lipite. Siku makarani wakipungua, foleni inarudi nyuma kilomita kwa kilomita, na mzigo uliotakiwa kufika leo unalala barabarani. Ini lina makarani wake, tunaowaita vimeng'enya. Kazi yao ni kuzibadilisha dawa, kafeini, homoni na kemikali nyingine ili ziweze kutoka mwilini kwa mkojo au kwa nyongo. Sasa, dawa za fangasi za jamii ya azoli, yaani flukonazoli, itrakonazoli, ketokonazoli na ndugu zao, zilitengenezwa kukizuia kimeng'enya ambacho fangasi hukitumia kujenga utando wa seli zake. Kimeng'enya hicho cha fangasi ni cha ukoo mmoja na vile vya ini la binadamu. Kwa hiyo dawa inayomkaba fangasi inawakaba na makarani wako, na chochote kilichokuwa kinawasubiri wao kinabaki kwenye damu, kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu kuliko kawaida. Terbinafini si azoli na inampiga fangasi mahali pengine, lakini nayo inamkaba vilivyo karani mmoja wa ini, yule ambaye wataalamu wamempa namba 2D6.

Dunia ililielewa jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamke wa miaka 39 aliyekuwa akianguka na kuzimia. Alikuwa anatumia terfenadini, dawa ya mzio iliyokuwa ikimezwa na mamilioni ya watu bila shida, na katikati akaanza kumeza ketokonazoli kwa ajili ya fangasi za ukeni. Kila dawa peke yake haikuwa na neno. Zilipokutana, ketokonazoli ikamzuia karani aliyekuwa akiiondoa terfenadini, terfenadini ikajaa kwenye damu, na mapigo ya moyo yakavurugika kwa namna inayoweza kuua. Miaka 8 baadaye terfenadini iliondolewa kwenye soko la Marekani. Nakikumbusha kisa hiki kila ninapoweza, kwa sababu yule mama hakutafuta balaa. Alimeza vitu viwili vya halali, kila kimoja kwa kipimo chake.

Turudi Temeke, kwenye lile kopo la tatu. Hapa studio mbele yangu nina kopo la aina hiyo, nimeliazima kwa mtu wa mazoezi, jina lake silitaji kwa sababu yako mengi yanayofanana nalo. Mbele kuna picha ya misuli na maandishi makubwa. Nimeligeuza nisome nyuma, maandishi ni madogo, imebidi nisogee kwenye taa. Kijiko kimoja kina kafeini miligramu 300. Chini yake imeandikwa dondoo la chai ya kijani, kiasi hakikutajwa. Kisha dondoo la gome la yohimbe, kiasi hakikutajwa. Hivi viwili vimewekwa ndani ya kitu wanachokiita mchanganyiko maalumu, wameandika uzito wa jumla tu, kila kilichomo humo unakikisia.

Anza na kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asipitishe miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku nzima. Kijiko hiki kimeshapita mpaka wa kwanza, kabla hujahesabu kahawa ya asubuhi na kinywaji cha kuongeza nguvu cha mchana. Terbinafini hupunguza kasi ya mwili kuiondoa kafeini kwa karibu asilimia 20. Flukonazoli nayo huipunguza. Maana yake ni kwamba kijiko kile kile alichokizoea mwezi uliopita, mwezi huu kinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Anapiga tizi saa 12 jioni, saa 6 usiku yuko macho anahesabu mabati, moyo unakwenda mbio, asubuhi anaamka amechoka, na jioni anaongeza kijiko ili aondoe uchovu. Nani atakumbuka kwamba kilichobadilika ni kile kidonge cha kucha?

Yohimbe inanitia wasiwasi zaidi. Ni gome la mti wa misitu ya Kameruni, Gaboni na Kongo, na ndani yake kuna kemikali iitwayo yohimbini, inayopandisha shinikizo la damu, inayoharakisha moyo na kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Yohimbini huondolewa mwilini hasa na karani 2D6, yule yule ambaye terbinafini inamkaba. Kwa hiyo kijana anayemeza terbinafini huku akikoroga unga wenye yohimbe anajipa dozi ambayo hakuna aliyeipima, kutoka kwenye kopo ambalo halisemi limeweka kiasi gani. Hili sipendi kulizunguka. Usichanganye.

Dondoo la chai ya kijani halifanani na chai unayokunywa nyumbani. Kikombe cha chai ni maji na majani machache. Dondoo ni kemikali za majani mengi zilizokamuliwa na kubanwa kwenye kidonge au kijiko. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2018 walionya kwamba kwa wanaotumia miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake kuu, vipimo vya ini vilionekana kupanda kwa baadhi yao. Na terbinafini yenyewe, kwa watu wachache sana, huliumiza ini, wakati mwingine vibaya. Ndiyo maana daktari makini hukupima damu kabla ya kuianza, na ndiyo maana haipewi mtu mwenye ugonjwa wa ini. Ukiweka vitu viwili vinavyoweza kuliumiza ini katika wiki zile zile 12, ukapata shida, daktari hatajua amlaumu nani, na bila shaka atasimamisha vyote viwili. Utakuwa umepoteza matibabu ya kucha kwa ajili ya unga.

Wala msidhani habari ya ini na virutubisho ni ya kutishia watoto. Mwaka 2013 huko Hawaii madaktari walianza kupokea watu waliokuwa wazima kabisa, sasa macho ni ya njano na maini yanashindwa kazi. Kilichowaunganisha wengi wao kilikuwa ni bidhaa moja ya kupunguza mwili na kujenga misuli iliyokuwa ikiuzwa waziwazi, OxyELITE Pro. Mtu 1 alifariki, 2 wakapandikizwa maini ya watu wengine. Katika mtandao wa hospitali za Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa, sehemu ya wagonjwa walioumizwa na mitishamba na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hadi asilimia 20 katika miaka 10 hivi, kufikia 2014. Fikiria sasa mtu anayemeza terbinafini juu yake.

Kopo la protini sina ugomvi nalo. Unga wa protini ya maziwa ni chakula, hauwakabi makarani na hauharibu kazi ya terbinafini. Angalia tu usiwe wa aina iliyochanganywa na vichocheo au mitishamba; uwe protini, ladha, basi. Lakini kuna jambo moja watu wa jimu wanapaswa kulijua. Terbinafini wakati mwingine huondoa ladha mdomoni. Mtu anashangaa protini ya chokoleti inakuwa haina utamu, nyama choma inakuwa haina ladha, chumvi inakuwa chungu. Anapunguza kula, uzito unashuka, anadhani mazoezi yamemzidi, anaongeza makopo. Ukiona hivyo rudi kwa daktari mapema, kwa sababu ladha huchukua wiki nyingi kurudi, na kwa watu wachache haikurudi.

Sasa nifike kwenye kipimo cha damu, nami hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kijana mzima anapoweza kuonekana mgonjwa, na mgonjwa akaonekana mzima.

Daktari anayekupa terbinafini au azoli kwa muda mrefu huangalia vimeng'enya viwili vya ini kwenye damu, ALT na AST. Vikipanda, anaogopa kwamba ini linaumia. Shida ni kwamba vimeng'enya hivyo vipo pia kwenye misuli. Ukinyanyua vyuma kwa nguvu, hasa siku ya miguu, au ukianza zoezi jipya ambalo mwili haujalizoea, nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo, na vimeng'enya hivyo humwagika kwenye damu. Watafiti waliwanyanyulisha vyuma wanaume wenye afya wasiokuwa na mazoea hayo, na vipimo vyao vya ini vikabaki juu kwa siku 7 au zaidi, ilhali maini yao hayakuwa na tatizo. Fikiria basi kijana wetu. Jumatatu kapiga miguu mpaka anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Jumatano anakwenda kupima. Majibu yanatoka yako juu, daktari hajui habari ya vyuma, anasimamisha dawa. Au kinyume chake, na hilo ni baya zaidi: ini linaumia kweli, kijana anasema "ni misuli tu hiyo, daktari," na wote wawili wanacheka.

Njia ya kuepuka mkanganyiko huo ipo na haina gharama. Wiki nzima kabla ya kipimo, punguza mazoezi mazito; tembea, kimbia taratibu, nyoosha viungo. Mwambie daktari na mtu wa maabara kwamba unanyanyua vyuma. Akiona vimeng'enya vimepanda anaweza kuongeza kipimo cha CK, ambacho ni cha misuli, na cha GGT, ambacho kiko kwenye ini na njia za nyongo na hakimo kwenye misuli ya kunyanyulia. Kwa hivyo viwili atatofautisha msuli uliochoka na ini linaloumia.

Kreatini nayo ina mkanganyiko wake. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, ambacho ndicho kipimo cha kawaida, haijaonekana kuharibu figo za mtu mwenye afya. Lakini mwili hubadilisha kreatini kuwa kreatinini, na kreatinini ndiyo wanayoipima hospitali kujua figo zinafanyaje kazi. Mtu anayetumia kreatini anaweza kuonekana figo zake zimepungua nguvu wakati ziko salama. Kwa anayetumia flukonazoli hilo lina uzito wa pekee, maana flukonazoli hutoka mwilini kwa njia ya figo, na daktari hupunguza dozi yake akiona figo zinalegea. Anaweza kukupunguzia dawa kwa sababu ya kopo. Kwa hiyo kama unaanza dozi ndefu ya flukonazoli, iache kreatini wiki chache kabla ya kipimo cha kwanza, au angalau itaje.

Nimelisema jina la flukonazoli, basi niziguse na dawa nyingine, kwa sababu si kila mtu kapewa terbinafini. Mama au dada aliyepewa kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 kwa fangasi za ukeni anaweza kudhani ameimaliza siku ile ile. Dawa hiyo nusu yake tu ndiyo imetoka baada ya saa 30 hivi, na mabaki yake yanakaa karibu wiki. Wiki hiyo aache vidonge vya kuchoma mafuta na unga wa mzuka. Flukonazoli pia inaweza kuvuruga umeme wa moyo, na hatari huongezeka potasiamu ikipungua mwilini. Nawasema hapa watunisha misuli wanaomeza dawa za kukojoza ili ngozi ikaze kabla ya mashindano: kukojoza maji ni kukojoza potasiamu, na ukichanganya na flukonazoli unacheza na moyo. Na mzee wetu wa jogging mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, akiandikiwa flukonazoli, sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa barabarani alfajiri hajala kitu. Amwambie daktari kabla.

Itrakonazoli ya kapsuli inataka chakula na inataka asidi ya tumbo. Bila hivyo sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Kuna wanariadha wa mbio za kati wanaokunywa bekingi soda kabla ya mbio ili misuli isiwake moto mapema, na wanainywa nyingi, gramu 18 kwa mtu wa kilo 60. Hiyo inaua asidi yote. Vivyo hivyo dawa za kiungulia, na vidonge vinavyochemka kwenye glasi, ambavyo hutengenezwa kwa soda hiyo hiyo. Mtu anakunywa soda ya mbio, anameza itrakonazoli, wiki zinapita fangasi hazisogei, anaambiwa fangasi zake ni sugu. Itrakonazoli pia haipatani na simvastatini, dawa ya kolesteroli. Zikikutana misuli huweza kuoza ndani kwa ndani, na mtu wa mazoezi atayalaumu mazoezi. Yupo asiyetumia simvastatini lakini anatumia kirutubisho cha mchele mwekundu uliochachushwa. Asijidanganye. Ndani ya mchele huo kuna kemikali ile ile iliyomo kwenye lovastatini, ndugu wa simvastatini.

Grisiofulvini, wanayopewa sana watoto wenye mapunye, huingia mwilini vizuri ikienda na chakula chenye mafuta, kwa hiyo kijana wa shule anayecheza mpira apewe na maziwa yenye mafuta yake, si na unga uliokorogwa kwa maji. Na vidonge vya ketokonazoli, mwezi Julai 2013 Marekani ilivibana vikali na Ulaya ikapendekeza viondolewe, kwa sababu ya kuumiza ini. Mwaka 2016 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo kwa ajili ya fangasi za kucha. Ukipewa ketokonazoli ya kumeza kwa kucha au kwa mba, uliza kama hakuna nyingine. Ya kupaka na ya kuogea haina tatizo hilo.

Limebaki kundi ambalo kijana wetu hakulitaja, na wengi hawalitaji. Vidonge vya kukuza misuli kwa wiki chache. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13 katika miaka ya 2000 na 2001, ikavichunguza. Vilivyokuwa na homoni za kiume zisizoandikwa kwenye kopo vilikuwa 94, karibu asilimia 15. Nyingi za homoni za kumeza za aina hiyo huliumiza ini zenyewe, bila msaada wa mtu. Na huku kwetu kuna vidonge vya kunenepesha, vinavyouzwa kwa vikaratasi, ambavyo mara nyingi ni deksamethazoni pamoja na siproheptadini. Kinshasa watafiti wameandika juu ya matumizi yake kwa kina. Deksamethazoni huondolewa na karani yule yule ambaye itrakonazoli humkaba, kwa hiyo inajaa mwilini, uso unavimba, sukari inapanda. Juu ya hayo inashusha kinga ya mwili, na fangasi zinashangilia. Mtu anameza dawa ya kuziua huku anameza cha kuzilisha. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, wanazopaka wengi kwenye mapaja, hufanya hivyo hivyo kwenye ngozi: muwasho unatulia, fangasi zinaenea chini kwa chini.

Nani analinda mlango? Tangu Julai 2019 hapa Tanzania dawa ziko chini ya TMDA, na vyakula viko chini ya TBS. Kopo la protini lina mlango wake, kidonge cha fangasi kina mlango wake. Marekani, ambako makopo mengi yanatoka, sheria ya 1994 inaruhusu kirutubisho kuuzwa bila serikali kukithibitisha kwanza kama inavyothibitisha dawa. Sisemi maofisa hawafanyi kazi. Nasema hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kukaa mezani na kopo lako na cheti chako kwa pamoja. Daktari na mfamasia ndio wanaoweza, nao hawawezi kama hujawaonyesha. Piga picha ya nyuma ya kila kopo, yale maandishi madogo, uende nayo kwenye simu siku ya kuchukua dawa.

Na ukiwa kwenye dozi, yajue mambo haya ya kukukimbiza hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kesho: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa wa kahawia ilhali umekunywa maji ya kutosha, choo kuwa cheupe, ngozi kuwasha mwili mzima, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia, au moyo kuruka na kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Acha kopo na acha kidonge, nenda navyo vyote viwili. Pombe nayo ipumzishe wiki hizo.

Kijana wa Temeke alimalizia ujumbe wake kwa kuuliza: siku akimeza kidonge cha mwisho, kesho yake anaweza kurudia unga wake? Ndugu yangu, usirudie kesho yake. Terbinafini hujificha kwenye mafuta ya mwili, ngozi na kucha, na inaendelea kutoka taratibu. Karani 2D6 anaweza kubaki amekabwa kwa wiki nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Unga wa kafeini usio na yohimbe unaweza kuurudia mapema zaidi, kwa kijiko nusu, asubuhi badala ya jioni. Unga wenye yohimbe nakushauri usiurudie hata miezi ikipita. Wala usishtuke ukiona wiki 12 zimeisha na ukucha bado mbaya. Dawa imebaki ndani ya ukucha inafanya kazi, na ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote upya. Angalia kule chini unapoanzia, kwenye nyama. Ukiona sehemu inayoota ni nyembamba, safi, yenye rangi yake, dozi imekubali, usiongeze nyingine kwa kujinunulia. Kausha miguu ukitoka kuoga, badilisha soksi kila baada ya tizi, vaa ndala kwenye bafu la jimu, na vile viatu vya zamani vilivyokaa na jasho miaka yote usivirudishe mguuni.